Mahojiano ya kazi za kaunti: Uzoefu wa mwombaji ndio jibu lenyewe

Kila mara Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti inapotangaza nafasi za kazi, maombi huwa mengi kuliko nafasi zilizopo. Wachache huitwa kwa mahojiano. Wengi wao hufika mapema, wakiwa nadhifu na faili ya vyeti mkononi. Lakini swali la kwanza likiulizwa, jibu linalotoka ni lile lile: "Mimi ni mchapakazi, ninajituma, na ninaweza kufanya kazi na watu wa kila aina." Wanajopo huandika, humshukuru, kisha humwita anayefuata.

Jibu kama hilo huenda ni la kweli. Tatizo ni kwamba aliyetangulia alisema hivyo hivyo, na anayefuata atasema hivyo hivyo. Jopo halina njia ya kujua nani kati yao ni mchapakazi kweli. Kinachowatenganisha waombaji wenye vyeti vinavyolingana ni mambo waliyowahi kufanya, na jinsi wanavyoyaeleza.

Makala haya yanaeleza maswali ambayo huulizwa mara kwa mara katika mahojiano ya kazi za umma, sababu ya maswali hayo kuulizwa, na namna mwombaji anavyoweza kuyajibu kwa kutumia maisha yake mwenyewe. Yamelenga hasa vijana wanaotafuta kazi ya kwanza, akina mama wanaorudi kazini baada ya kulea, na wakazi waliofanya kazi za mikono au biashara ndogo na wanadhani hawana uzoefu wa kutaja.

Kwa nini jopo huuliza kuhusu yaliyopita

Kifungu cha 232 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaweka maadili na kanuni za utumishi wa umma. Miongoni mwake ni ushindani wa haki na ustahili kama msingi wa kuajiri na kupandisha watu vyeo, pamoja na uwakilishi wa jamii mbalimbali za Kenya na nafasi sawa kwa wanaume, wanawake na watu wenye ulemavu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ndiyo inayoipa Bodi jukumu la kujaza nafasi katika utumishi wa kaunti kwa kufuata kanuni hizo.

Ili ustahili uweze kupimwa, kwa kawaida wanajopo huwa na karatasi ya alama. Kila mwombaji wa nafasi moja huulizwa maswali yanayofanana, na kila mwanajopo huandika alama zake. Methali husema chema chajiuza, lakini mbele ya jopo chema kisiposemwa hakipati alama. Mwanajopo anayemfahamu mwombaji kijijini kwao na anajua kwamba ni mtu wa kutegemewa hafai kumpa alama kwa jambo ambalo hakulitaja ndani ya chumba.

Ndiyo maana maswali mengi huanza kwa maneno kama "Tueleze wakati ambapo…" au "Toa mfano wa…". Jopo linataka ushahidi. Mtu aliyewahi kutatua mzozo, kutunza pesa za wengine au kumaliza kazi kwa wakati anaweza kueleza alivyofanya. Asiyewahi hubaki kueleza jinsi mambo yanavyopaswa kuwa.

Uzoefu ni nini hasa

Waombaji wengi huamini kwamba uzoefu ni kazi ya ofisini yenye barua ya ajira na mshahara wa mwezi. Pale ambapo tangazo linataka idadi fulani ya miaka katika cheo fulani, hilo ni sharti na halina njia ya mkato. Lakini maswali ya jopo hupima pia tabia na uwezo, na hivyo mtu huvipata katika sehemu nyingi.

Aliyekuwa karani wa sensa mwaka 2019 aliapishwa kutunza siri za watu, alitumia tabuleti kunasa takwimu na alibisha hodi kwenye nyumba za watu asiowajua. Kijana aliyeshiriki katika mpango wa Kazi Mtaani ulioanza mwaka 2020, wakati wa janga la korona, alifika kazini kwa wakati, alifanya kazi chini ya msimamizi na aliona jinsi mtaro ulioziba unavyoathiri afya ya mtaa. Mhudumu wa afya ya jamii hutembelea kaya, hujaza rekodi na huwashawishi wazazi wapeleke watoto kliniki. Mweka hazina wa chama hutunza pesa na kutoa hesabu mbele ya watu wasiokubali kupunjwa hata shilingi kumi. Mwenye kibanda cha mboga hupanga bei, hudai madeni bila kugombana na hujua siku ya soko inavyobadilisha mauzo.

Mafunzo ya nyanjani ya mwanafunzi wa chuo, kujitolea katika zahanati, ukatibu wa steji ya bodaboda, kamati ya maji ya kijiji, kufundisha watoto kanisani au madrasani: yote haya ni uzoefu. Sharti ni moja tu, kwamba liwe jambo ambalo mwombaji alilifanya kweli na anaweza kulieleza kwa undani.

Hatua nne za kujibu

Jibu zuri la swali la uzoefu lina sehemu nne, na linaweza kutolewa kwa dakika mbili.

Kwanza ni hali: ilikuwa wapi, lini, na kulikuwa na shida gani. Pili ni jukumu: mwombaji mwenyewe alitarajiwa kufanya nini. Tatu ni hatua: alifanya nini hasa, moja baada ya nyingine. Nne ni matokeo: mambo yaliishaje, na alijifunza nini.

Mfano ni wa mwombaji wa nafasi ya ualimu wa chekechea, ambayo ni kazi ya serikali za kaunti kulingana na Jedwali la Nne la Katiba. Akiulizwa kama anaweza kumudu darasa kubwa, anaweza kusema: "Ndiyo, ninapenda watoto sana na nina subira." Jibu hilo linaishia hapo.

Au anaweza kusema: "Nilijitolea mihula miwili katika shule ya chekechea karibu na kwetu. Darasa lilikuwa na watoto 42 na mwalimu mmoja, na vitabu havikutosha. Mwalimu alinipa kazi ya kufundisha hesabu. Niliwagawa watoto katika vikundi sita, nikakusanya vifuniko vya soda kutoka dukani, kila kikundi kikapata vyake vya kuhesabia. Waliokuwa wepesi niliwaweka pamoja na waliokuwa wakichelewa. Kufikia mwisho wa muhula, watoto wote isipokuwa watano waliweza kuhesabu hadi 20. Hao watano nilikaa nao kando wakati wa mapumziko. Nilijifunza kwamba darasa kubwa halitulizwi kwa kelele za mwalimu, linatulizwa kwa kumpa kila mtoto kitu cha kufanya."

Jibu la pili halina maneno makubwa. Lina idadi, lina vifaa, na linataja hata watoto ambao bado walikuwa na shida. Mwanajopo akiuliza swali la ziada, kwa mfano vifuniko vilitoka duka gani au hao watano waliendeleaje, mwombaji ana la kusema kwa sababu alikuwapo.

Sehemu ambayo wengi hukosea ni ya tatu. Husema "tulifanya", "tulipanga", "tulifaulu", na jopo halijui nani alifanya nini. Kushirikiana ni kuzuri na kunafaa kutajwa, lakini anayehojiwa ni mtu mmoja. Inafaa aseme kikundi kilifanya nini, kisha aseme yeye mwenyewe alishika sehemu gani.

"Jieleze kwa ufupi"

Hili ndilo swali la kwanza katika mahojiano mengi, na ndilo hupoteza muda mwingi zaidi. Mwombaji huanza na shule ya msingi, akaendelea na idadi ya ndugu zake, akafika kwenye mambo anayopenda kufanya wakati wa mapumziko. Jopo tayari lina wasifukazi wake mezani. Linachotaka ni kujua kwa nini mtu huyu amekuja kuomba nafasi hii.

Jibu la dakika moja linatosha: yeye ni nani kitaaluma, amefanya nini kinachohusiana na kazi hiyo, na kwa nini yuko hapo. Mwombaji wa kazi ya afisa wa kilimo nyanjani anaweza kusema ana diploma ya kilimo, alifanya mafunzo yake ya nyanjani katika ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo ambako alihudumia vikundi vitatu vya wakulima wa mahindi, na kwamba tangu wakati huo anasimamia shamba la familia ambako ameanza kutunza rekodi za mbegu, mbolea na mavuno. Hayo yanatosha. Yaliyobaki jopo litauliza.

"Kwa nini unataka kazi hii?"

Kila mwanajopo anajua kwamba mwombaji anahitaji mshahara. Hakuna aibu katika hilo, lakini si jibu la swali, kwa sababu mshahara hupatikana katika kazi yoyote. Swali linauliza kwa nini kazi hii.

Jibu lenye uzito huunganisha mambo mawili: kile ambacho idara inafanya na kile ambacho mwombaji ameona au kufanya. Ili kuweza kuunganisha, ni lazima awe amesoma. Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti wa kipindi cha 2023 hadi 2027 unaeleza vipaumbele vya kila sekta. Anayeomba kazi katika idara ya maji anafaa kujua mpango huo unasema nini kuhusu maji katika wadi yake, na anafaa pia kujua mambo yalivyo mashinani. Aliyewahi kuhudumu katika kamati ya kisima cha kijiji, akaona pampu ikikaa bila kutengenezwa kwa sababu hakuna aliyeweka akiba ya vipuri, ana sababu ya kweli ya kutaka kazi hiyo. Asimulie hilo, kisha aseme angependa kufanya nini.

"Eleza wakati ulipotatua mzozo"

Baadhi ya waombaji hujibu, "Mimi sijawahi kugombana na mtu." Jopo halikuuliza hilo. Afisa wa kaunti hukutana na watu wenye hasira: mgonjwa aliyesubiri tangu asubuhi, mfanyabiashara ambaye leseni yake imechelewa, majirani wanaozozania mpaka wa soko. Jopo linataka kujua atafanya nini.

Kijana anayeomba nafasi ya askari wa kaunti na aliyekuwa katibu wa steji ya bodaboda anaweza kueleza hivi: "Kulikuwa na ugomvi wa foleni. Wageni walikuwa wakichukua abiria kabla ya zamu yao, na siku moja nusura watu wapigane. Nikiwa katibu, nilizungumza na kila upande peke yake kwanza. Niligundua wageni hawakuwa wamewahi kuelezwa utaratibu. Tuliitisha mkutano jioni, nikaandika utaratibu kwenye ubao wa steji, na tukakubaliana adhabu ya kupoteza zamu mbili. Mmoja hakukubali, akahamia steji nyingine. Waliobaki waliufuata."

Jibu hili lina nguvu kwa sababu halimtukani mtu yeyote. Anayeeleza mzozo kwa kumlaumu aliyekuwa mwajiri wake au mwenzake huliachia jopo shaka: je, kesho atasema nini kuhusu kaunti? Inafaa pia kuficha majina ya wahusika. Siri za watu hutunzwa hata ndani ya chumba cha mahojiano.

"Udhaifu wako ni upi?" na "Ni lini ulikosea?"

Maswali haya huwatia wengi hofu. Jibu la kukariri, kama "Udhaifu wangu ni kwamba ninafanya kazi kupita kiasi," limesikika mara nyingi mno na halimsaidii aliyelitoa. Kinyume chake, anayetaja udhaifu unaogusa kiini cha kazi bila kueleza anavyoushughulikia, kwa mfano karani wa hesabu anayesema hesabu humchanganya, anajifungia mlango.

Njia iliyo salama ni kusema ukweli wa kiasi, kisha kueleza hatua zilizochukuliwa. Mwombaji anaweza kusema kwamba kuzungumza mbele ya watu wengi kulimtatiza, ndiyo maana alikubali kuwa msomaji wa kumbukumbu katika mikutano ya chama chake, na sasa anaweza kuzungumza barazani akiwa ameandika hoja zake.

Kuhusu kosa, jopo hupima mambo matatu: kama mwombaji anakubali wajibu wake, kama alirekebisha, na kama alibadilisha utaratibu ili lisitokee tena. Mweka hazina aliyesahau kuandika mchango wa mwanachama mmoja, akarudi kwenye jumbe za M-Pesa, akapata ukweli, akaomba radhi mbele ya kikundi na kuanzia siku hiyo akawa anatoa risiti papo hapo, amejibu yote matatu.

"Miaka hii yote ulikuwa wapi?"

Wasifukazi wenye mwanya wa miaka miwili au mitatu huulizwa swali hili, na wengi hulijibu wakiwa wameinamisha kichwa. Husema, "Nilikuwa tu nyumbani." Neno "tu" hilo hufuta kazi kubwa iliyofanywa.

Mfano ni wa mwanamke anayeomba nafasi ya karani wa rekodi hospitalini, ambaye aliacha kazi ili kumuuguza mama aliyepatwa na kiharusi. Anaweza kusema: "Kuanzia 2021 hadi 2023 nilikuwa nyumbani nikimuuguza mama. Kila siku niliandika vipimo vya shinikizo la damu na saa za dawa kwenye daftari. Tulipokwenda kliniki, daktari alitumia daftari hilo kuamua dawa. Wakati huo huo niliuza mboga mbele ya nyumba, na hesabu zake ninazo. Sasa niko tayari kurudi kazini kwa muda wote." Hakuna anachohitaji kuficha. Mtu anayejua thamani ya rekodi iliyoandikwa kwa wakati, kwa sababu mgonjwa wa nyumbani kwake aliitegemea, ana jambo la kuwafunza hata wanajopo.

Aliyekosa kazi kwa muda mrefu pia ana jibu. Aeleze alichokuwa akifanya: vibarua, shamba, kozi fupi ya kompyuta, kujitolea. Na ikiwa kulikuwa na kipindi kigumu ambacho hakufanya chochote, inatosha kusema alikuwa akitafuta kazi na kueleza alichofanya baadaye.

Hata hivyo, mwanya haupaswi kuzibwa kwa uongo. Mwezi Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi ulikuwa umebaini zaidi ya vyeti 2,000 ghushi katika taasisi za umma. Wanaopatikana huweza kufutwa kazi, kushtakiwa na kudaiwa mishahara waliyolipwa. Njia ya mwongo ni fupi, na hata pale vyeti vinapokuwa halali, hadithi ya kubuni hukatika kwenye swali la pili au la tatu la ziada.

Maswali ya uadilifu

Katika kazi za umma, karibu kila jopo huuliza swali la uadilifu. Linaweza kuwa la kubuni: "Uko sokoni ukikusanya ushuru. Mfanyabiashara anayedaiwa Sh1,000 anakupa Sh200 mkononi ili usimwandikie risiti. Utafanya nini?"

Jibu la "Nitakataa" ni sahihi lakini ni fupi mno. Mwombaji aeleze hatua: angekataa kwa upole, angemweleza mfanyabiashara kwamba malipo bila risiti hayamkingi yeye wala hayafiki kaunti, angemwelekeza njia rasmi ya kulipa au mahali pa kulalamikia kiwango kama anaona ni kikubwa, kisha angeripoti kwa msimamizi wake. Anaweza kutaja kwamba Sheria ya Hongo ya 2016 humhesabu mtoaji na mpokeaji kuwa wote wametenda kosa.

Kisha, kama ana mfano wa maisha yake, autoe. Aliyewahi kurejesha pesa zilizotumwa kimakosa kwenye simu yake, au aliyekataa kuandika jina la jamaa yake asiyestahili katika orodha ya chakula cha msaada, ana ushahidi unaoshinda kukariri vifungu vya sheria. Vifungu ni vizuri kuvijua, hasa cha 10 na cha 232 pamoja na Sura ya Sita inayohusu uongozi na uadilifu, lakini jopo hutaka kuona kama vimeingia katika matendo.

Mshahara, na "Una swali kwetu?"

Mishahara ya kaunti hufuata ngazi za kazi, na Tume ya Mishahara na Marupurupu hushauri kuhusu malipo ya maafisa wa umma. Kwa hiyo nafasi ya kujadiliana ni ndogo kuliko katika kampuni za kibinafsi. Mwombaji anayeulizwa anatarajia kiasi gani anaweza kusema anafahamu ngazi iliyotangazwa na yuko tayari kulipwa kulingana nayo.

Mwishoni jopo huweza kumpa nafasi ya kuuliza. Swali moja linatosha, kwa mfano: afisa mpya hupewa mafunzo gani anapoanza, au changamoto kubwa ya idara kwa sasa ni ipi. Kuuliza "Nimepita?" hakumsaidii, kwa kuwa uamuzi ni wa Bodi nzima na hutolewa baadaye.

Kujiandaa kwa wiki moja

Mwombaji aliyeitwa anaweza kutumia siku chache zilizobaki hivi:

Achukue tangazo la kazi na apigie mstari kila jukumu lililoandikwa. Mbele ya kila jukumu aandike tukio moja la maisha yake linaloonyesha kwamba analiweza. Matukio sita au saba yanatosha, kwa sababu tukio moja linaweza kujibu maswali mawili.

Aandike kila tukio kwa hatua nne, akithibitisha tarehe na idadi. Asikariri neno kwa neno. Aliyekariri akikatizwa hupotea, ilhali anayekumbuka tukio huendelea kutoka popote.

Asimulie kwa sauti mbele ya ndugu au rafiki, akitumia lugha ya kazini. Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba. Mwombaji ambaye hakuelewa swali ana haki ya kuomba lirudiwe, na kufanya hivyo ni bora kuliko kujibu swali ambalo halikuulizwa.

Apange vyeti asilia, kitambulisho na nakala zake kwa utaratibu uliotajwa kwenye barua ya mwaliko. Ajue ukumbi uliko na nauli ya kufika huko. Mtu mwenye ulemavu anayehitaji mkalimani wa lugha ya ishara, njia ya kiti cha magurudumu au msaada mwingine awasiliane na Bodi mapema ili maandalizi yafanywe.

Haki za mwombaji

Mahojiano hayampi mwajiri ruhusa ya kuuliza chochote. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi dhidi ya mfanyakazi au anayetafuta kazi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, kabila, dini, ulemavu au hali ya kuwa na virusi vya HIV, miongoni mwa mengine. Mwanamke anayeulizwa kama anapanga kuzaa anaweza kujibu kwa heshima kwamba yuko tayari kutekeleza majukumu yote yaliyotangazwa, na kurejesha mazungumzo kwenye kazi.

Aidha, Sheria ya Serikali za Kaunti inataka Bodi izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia zijazwe na watu wasiotoka katika jamii yenye watu wengi zaidi katika kaunti. Mkazi wa jamii ndogo hafai kuogopa kuomba.

Mabadiliko ya Sheria ya Ajira yaliyofanywa mwaka 2022 yanamzuia mwajiri kudai vyeti vya uidhinishaji kabla ya kukusudia kuingia katika mkataba na mwombaji. Hii inawapunguzia vijana gharama ya kulipia hati kabla ya kujua kama wamepata kazi.

Zaidi ya yote, kazi za kaunti haziuzwi. Hakuna ada ya kuomba, ya kuhojiwa wala ya kupewa barua. Anayedai pesa ili "kusukuma jina" ni mlaghai au mla rushwa, na anafaa kuripotiwa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi kupitia nambari 1551, ambayo haitozwi malipo.

Matokeo yakitoka

Anayekosa nafasi hajapoteza kila kitu. Jioni hiyo hiyo aandike maswali aliyoulizwa na pale alipokwama, kwa sababu mengi yatarudi katika mahojiano yajayo. Na anayeamini kwamba hakutendewa haki katika uteuzi anaweza, chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, kukata rufaa kwa maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90 tangu uamuzi utolewe.

Nafasi moja ya kazi ikijazwa na mtu anayeiweza, zahanati hufunguliwa kwa wakati, mtoto hufundishwa na risiti huandikwa. Kwa sababu hiyo, mkazi anayeitwa mbele ya jopo asiache nyumbani yale aliyoyafanya kwa mikono yake. Ayabebe pamoja na vyeti, na ayaseme yote kama yalivyokuwa.